Kirukia Kwenye Mpeasi wa Mama Eliza

Wiki iliyopita mlikuja watatu hapa kwangu, na viatu vyenu vizuri na darubini shingoni, mkaniuliza habari za yule ndege mdogo wa kijani anayegonga huko juu msituni. Mlitaka kujua tulikuwa tukimwitaje, anakula nini, na kama ni kweli kwamba sisi wazee wa bustani ya miche tulikuwa tukimtumia kutafutia mbegu. Niliwapa chai, nikawaambia mrudi siku nyingine. Mlidhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na jambo ambalo sijawahi kulisema, na siwezi kulisema huku watu wanakunywa chai na kunicheka kwa heshima. Basi nimeliandika. Lisomeni, na mkishalisoma, mkitaka kuniamkia njiani mtaniamkia, msipotaka nitaelewa.

Tulimwita kigonga. Msilitafute jina hilo kwenye kitabu chenu cha ndege, ni jina la kambini kwetu pale bustanini. Anagonga kutwa nzima kama fundi bati asiye na mteja, ti-ti-ti-ti, na ukimtafuta humwoni kwa sababu yeye na jani ni rangi moja. Mdogo kuliko kidole gumba cha mpasua mbao. Chakula chake ni matunda ya miti.

Nitaanza na lile baya, msije mkanisoma kwa raha halafu mkaona nimewatega. Mimi Yona nilisema uongo juu ya ndege huyu mara moja tu, na kwa uongo huo mzee aliyenifundisha kazi alipanda mti uliomuua. Halafu nikasema uongo wa pili ili ule wa kwanza usijulikane. Haya, sasa tuendelee na kazi.

Niliingia bustani ya miche, ile iliyokuwa juu ya Magamba, miaka michache baada ya Uhuru. Walitaka kijana mwenye nguvu anayeweza kupanda miti kuchuma mbegu. Nikasema naweza. Nilijisemea, Mshambaa gani asiyeweza kupanda mti? Kumbe alikuwepo mmoja, ndiye mimi. Siku ya kwanza nilipewa mti wa muiri, si mrefu hata kidogo. Nilipofika juu kiasi cha watu wawili waliosimama mabegani, magoti yakaanza kucheza yenyewe. Nikakumbatia shina, nikafumba macho, nikabaki hapo.

Chini alikuwepo Mzee Shebughe, mpanda miti wa zamani, aliyefanya kazi tangu enzi za Waingereza. Nikamsikia anasema taratibu, "Yona, usitazame chini. Na usilie, nyapara yuko bandani atakusikia."

"Tate, siwezi."

Tate kwetu ni baba. Nilimwita hivyo kwa woga tu, na tangu siku hiyo sikumwita tena kwa jina jingine.

"Naona huwezi," akasema. "Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi, lakini hilo nimeliona."

Alinishusha kwa maneno, mguu mmoja baada ya mwingine, kama unavyomshusha ng'ombe kwenye ngazi za shamba. Kisha akavua koti, akapanda yeye, peku, akajaza kikapu na kunikabidhi. "Kipeleke bandani. Sema umepanda wewe."

Ndivyo tulivyoanza. Yeye alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa anaficha. Mimi nilikuwa naogopa urefu, na nilikuwa naficha. Yeye alipanda kwa kupapasa, anajua gome kwa vidole kuliko mimi ninavyolijua kwa macho. Mimi nilitangulia msituni kutafuta mti wenye mbegu, nikarudi kumwambia. Wawili sisi tulikuwa mfanyakazi mmoja mzima. Tungetenganishwa, ofisi ingebaki na vipande viwili visivyofaa kitu.

Msidhani ilikuwa huzuni tu. Asubuhi moja tunapita nyumbani kwa mchungaji, ukungu umetanda, mbuzi wa mchungaji akalia kando ya njia. Tate akaitikia, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Mbuzi akalia tena. Tate akasema, "Wazazi hawajambo?" Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye umande. Alipojua ni mbuzi alicheka kuliko mimi, akasema angalau yule mbuzi ana adabu, vijana wengine wa kambi wanapita kimya.

Sasa mbegu. Nyie mnadhani mbegu ni mbegu. Mti uliotutesa ni mkulo, ule ambao Wazungu waliuita kanfa kwa harufu yake. Mbao zake hazina mfano, ndiyo maana mikulo ilikatwa kama mahindi, na ndiyo maana ofisi ilitaka miche ya kurudishia. Lakini mkulo hauzai kila mwaka. Unaweza kukaa miaka mpaka ukasahau tunda lake linafananaje. Ukizaa, nusu ya matunda yana wadudu ndani, na ukichuma kabla ya siku zake, unapanda takataka.

Msimu wangu wa kwanza wa mkulo nilipewa kazi ya kuhifadhi mbegu. Mimi mtoto wa wakulima, nikazianika juani siku nne, vizuri kabisa, kama mahindi ya mbegu. Tukazipanda kitaluni. Tukamwagilia. Tukangoja. Haikuchomoza hata moja, maana mbegu ya mkulo ikikauka imekufa, inatakiwa iende udongoni mbichi, siku hiyo hiyo ukiweza. Bwana Miti, ndivyo tulivyomwita mkuu wa bustani, alikuja akasimama mbele ya vitalu vitupu. Alikuwa mtu wa Tanga mjini, hakuwa mkatili, lakini alikuwa na mkubwa wake aliyemngoja. Akauliza nani alianika.

Kabla sijafungua mdomo Tate akasema, "Ni mimi, Bwana."

"Mzee, wewe? Miaka yote hiyo kazini?"

"Uzee, Bwana. Nilisahau."

Akakaripiwa pale pale mbele ya kina mama wa kumwagilia, mtu mzima na mvi zake, akiwa ameshika kofia mkononi. Nilisimama nyuma yake nikitazama viatu vyangu. Tulipokuwa njiani kurudi nikataka kumshukuru, akanikatiza, akasema, "Wewe bado unatafuta jina. Mimi langu ninalo, haliwezi kuharibika kwa kitalu kimoja." Kumbukeni maneno hayo. Mimi nimeyakumbuka kila siku.

Baada ya hapo alinifundisha kigonga. Kigonga hawezi kumeza tunda la mkulo, mdomo wake ni mdogo. Anadonoa nyama yake. Lakini hagusi tunda bichi, asilani. Ukiona anadonoa, tunda limeiva, na mbegu iko tayari. Kwa hiyo unafuata sauti yake mpaka kwenye mti. Ila hapo kuna mtego, na Tate alikuwa akirudia maneno haya mpaka nilikuwa nayaigiza nyuma ya mgongo wake kuwachekesha wenzangu.

Chakula anachokipenda kuliko vyote ni kirukia. Mnakijua kirukia, ule mmea usio na shina lake, unaoota juu ya matawi ya miti mingine na kuinyonya. Tunda la kirukia lina ute unaonata kuliko ulimbo. Kigonga analimeza zima, baada ya muda anaitapika mbegu, na mbegu inamganda mdomoni. Basi anafuta mdomo kwenye tawi, huku na huku, kama mtu aliyekula mlenda. Mbegu inabaki pale, inaota, na huo ndio mwanzo wa kirukia kipya. Mti wenye kirukia kingi matawi yake yanakufa kwa ndani. Kwa nje unaona majani mabichi, kumbe ni majani ya mgeni.

Ndiyo maana kila niliporudi kumwambia nimempata kigonga juu ya mkulo, Tate aliniuliza maswali matatu, kwa mpangilio ule ule. Umefika chini ya mti? Umeokota tunda lililodonolewa? Alikuwa anafuta mdomo? Nikijibu ndiyo, ndiyo, hapana, anavua koti. Ikiwa kinyume, tunarudi nyumbani tukale. Miaka tuliyofanya kazi pamoja hakuna hata siku moja aliyokosea. Lakini huo mwendo wote ulitegemea kitu kimoja, kwamba mimi nasema nilichokiona.

Kambini walidhani tunapiga ramli na ndege. Bwana Miti alitusikia siku moja akatukataza kumtaja kigonga mbele ya wageni, akasema nchi inajenga ujamaa kwa maarifa, hatujengi kwa ndege. Lakini mbegu zetu zikiota alikuwa anatabasamu.

Ulifika mwaka wa mkulo kuzaa. Ulifika wakati mbaya. Watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, miti inakatwa kwa ajili ya nyumba mpya, na amri ilikuwa kila kijiji kipewe miche ya kurudishia. Sukari foleni, sabuni foleni, na mvua ya wiki nzima. Bwana Miti akatukusanya bandani.

"Ndugu zangu," akasema, "nataka gunia moja la mbegu za mkulo kufikia Jumamosi. Safari hii sitaki hadithi. Timu itakayokosa, Jumatatu inakwenda Shume kupogoa misonobari."

Nilimwona Tate amebana midomo. Shume kabla ya kuanza kazi ulipimwa hospitali, kifua na macho. Yeye alikuwa amebakiza mwaka na miezi kustaafu. Wangemrudisha nyumbani siku hiyo hiyo kama kipofu, baada ya miaka ile yote. Na mimi kule ningepanda msonobari mbele ya nyapara na timu nzima. Tulitazamana. Yeye hakuniona vizuri, lakini alijua natazama.

Nilitembea siku tatu. Mvua, ukungu, ruba kwenye vifundo vya miguu. Kila mkulo niliokuta ulikuwa mbichi au umeliwa na wadudu. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, ng'ambo ya korongo nikamsikia kigonga. Ukungu ukafunguka kidogo nikauona mkulo mkubwa umeinamia nje ya ukingo, na juu yake ndege huyo. Ili kufika chini ya mti ule ilibidi kupita kwenye njia ya mwamba, pana kama unyayo, na upande mmoja hakuna kitu. Niliweka mguu mmoja. Nikaurudisha. Nikauweka tena. Nilisimama pale nikijitukana kwa Kishambaa na kwa Kiswahili, na mguu haukwenda.

Na nilimwona. Nilimwona kigonga wazi kabisa, anainamisha kichwa, anafuta mdomo kwenye tawi, upande huu, upande huu.

Tate alikuwa ananingoja kwenye kibanda cha walinzi, anatafuna muhindi wa kuchoma uliopoa.

"Umefika chini ya mti?"

"Nimefika, Tate."

"Umeokota lililodonolewa?"

"Nimeokota. Nimelitupa, lilikuwa limelowa."

Akaacha kutafuna. "Alikuwa anafuta mdomo?"

"Hapana, Tate."

Nilijiambia huenda ndege alikuwa anakula vyote viwili. Nilijiambia mti mkubwa vile hauwezi kukosa matunda. Mtu mwenye woga hakosi la kujiambia. Tate akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Mungu ni mwema. Tutapona Shume."

Jumamosi asubuhi tukaenda. Tulipitia juu, si chini, kwa sababu mti ule uliinama, na kutoka ukingo wa juu mtu mzoefu angeweza kuingia kwenye matawi bila kupanda shina zima. Ukungu ulikuwa umekaa. Mimi nilijishikiza kwenye mti mwingine nyuma ya ukingo, mkono mmoja umekumbatia, mkono mwingine umeshika kamba ya katani ya kuteremshia gunia ambalo Tate angeingia nalo mtini. Tate akaanza kufungua vifungo vya koti.

Hapo nikayaona. Kwenye majani makavu, karibu na mguu wangu, maua mekundu ya kirukia, yameanguka mengi, mabichi ya siku ile. Mtu mwenye macho asingehitaji swali hata moja. Nilikuwa na muda wa kutosha. Vifungo vya koti lake vilikuwa vinne, na vidole vyake vilikuwa na baridi. Ningesema "Tate, ngoja," basi. Angeuliza kwa nini, ningemwambia, tungekwenda Shume, yeye angerudi nyumbani kwa mkewe na mimi ningechekwa na timu nzima. Leo ningekuwa mzee niliyechekwa.

Niliyakanyaga. Nikayasukuma chini ya majani kwa kiatu, kana kwamba kipofu angeyaona.

Akaingia kwenye mti. Nilimsikia anapapasa, anavuta pumzi, anahama tawi. Kigonga aligonga mara chache akaruka. Kisha kimya kikawa kirefu. Najua sasa alichokuwa anafanya. Alikuwa amefika kwenye matunda, ameyachuma, anayasugua kwa vidole.

"Yona," akaita. Sauti yake haikuwa na hasira. "Mwanangu, hiki ni kirukia."

"Shuka, Tate!" nikapiga kelele. "Shuka haraka!"

"Nashuka."

Tawi likalia mara moja tu. Kamba ikanipita mkononi ikanichuna ngozi, halafu ikalegea. Yeye hakupiga kelele hata kidogo. Nilisikia vitu vinavunjika chini, vingi, kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani inawezekana.

Nilishuka. Ile njia ya mwamba iliyonishinda jana niliipita mbio, na hadi leo sikumbuki nilivyoipita. Ninalolikumbuka ni hasira, kwamba kumbe miguu ilikuwa inaweza. Nilimkuta kwenye mawe. Alikuwa ameshakwenda. Mkono wa kulia ulikuwa umefumba, na nilipoufungua vidole vilikuwa vimegandana kwa ule ute, na mbegu mbili za kirukia katikati yake.

Tulimbeba kwa machela mpaka kwake, kitongoji cha chini ya Magamba, wanaume sita wakipokezana. Mkewe, Mama Eliza, alikuwa ameshapata habari. Hakulia kwa sauti. Kabla wazee wa kanisa hawajaja kumwosha, alileta beseni la maji ya moto uani, akakaa chini kando ya mpeasi ulioota mbele ya mlango, akaanza kumsafisha mikono mwenyewe. Mimi nilisimama pale kwa sababu sikujua mahali pengine pa kusimama. Alisugua kidole, ute haukutoka kwa maji. Akauchokonoa ule ute kwa ukucha, akaufuta kwenye tawi la chini la mpeasi, bila kutazama, kama mtu anavyojifutia mkono popote akiwa kazini. Akafanya hivyo mara ya pili. Kisha akamwambia Eliza, binti yao, alete mafuta ya taa ya kumalizia.

"Yona," akaniuliza, "hiki kinachonata ni nini?"

"Ni utomvu wa mkulo, mama."

Mama Eliza alizaliwa ukingoni mwa msitu ule. Utomvu wa mkulo haunati hivyo, na hakuna mwanamke wa pale asiyejua. Alinitazama. Akasema, "Haya," akaendelea kusugua.

Jumatatu Bwana Miti aliniita ofisini. Alikuwa ameshika kichwa, masikini, na karatasi mbele yake. Akauliza mti ule alichagua nani. Nikasikia mdomo wangu unajibu kabla yangu.

"Mwenyewe, Bwana. Nilimwambia tungoje, akakataa. Macho yake yalikuwa hayaoni tena. Alikuwa anaficha."

Akaandika. Nilisikia kalamu inakwaruza. Kwa sentensi zile chache nilimpa kosa langu, na siri yake nikaitoa juu yake kama nyongeza. Yeye aliyesema "Ni mimi, Bwana" kwa ajili ya mbegu zangu zilizokauka. Niliahidiwa kuwa mkuu wa mbegu, na kweli nikawa.

Habari ikaenea kama habari zinavyoenea. Kwamba Mzee Shebughe, bingwa wa mbegu, alikufa juu ya mti usio na tunda, akichuma kirukia. Watu walilisema kwa kusikitika, lakini walilisema wakitabasamu kidogo. Mazishini mchungaji alihubiri juu ya wazee wasiokubali kupumzika. Eliza alikuwa amekaa mbele, amejifunika kanga, na niliona mabega yake yanashuka kila neno. Mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Ndiyo.

Mtaniuliza kazi iliendeleaje. Iliendelea vizuri. Zamani tulioteshea miche kwenye magome ya migomba, baadaye vikaja viriba vya plastiki, tukaambiwa ni maendeleo, na kwa kweli vilirahisisha. Na mkulo je? Miaka michache baada ya Tate kufa nilikuwa natembea msituni nikajikwaa kwenye chipukizi. Nikachimba. Lilikuwa limetoka kwenye mzizi wa mkulo mkubwa. Nikatazama huku na huku, machipukizi yako kila mahali, kadhaa kwa mti mmoja. Tukaanza kuyang'oa na kuyalea kitaluni, yakashika. Hakuna aliyepanda mti wa mkulo kutafuta mbegu tena. Miche ilikuwa chini ya miguu yetu muda wote. Nilikaa pale kwenye matope nikalia kama mtoto, na vijana wangu wakadhani nimefurahi.

Nilikuwa nikimtembelea Mama Eliza. Nikipata sukari kwenye foleni nampelekea nusu. Mwaka wa pili tangu mazishi nilifika nikaona kwenye tawi la chini la mpeasi, pale pale alipofuta vidole, vichipukizi viwili vya kirukia. Majani yake mazito, ya kijani, yanang'aa. Nikaingiza mkono mfukoni.

"Mama," nikasema, "nina kisu hapa. Nikukatie hiki kirukia, kitaua mpeasi wako."

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Kiache."

"Mama, mimi ni mtu wa miti, nakwambia ukweli."

Hapo akainua kichwa. "Kiache, Yona. Nangoja uniambie kilitoka wapi."

Nikasema kwamba ndege wanavileta. Nikaaga.

Sikuacha kwenda, ningeachaje. Kirukia kikakua, kikatoa maua, kikazaa. Kigonga akaja. Akawa anashuka kutoka msituni mpaka uani kwa Mama Eliza, ti-ti-ti-ti, anakula pale tukiwa tumekaa. Siku moja, tukiwa tunakula viazi, akanyoosha kidole.

"Anafuta mdomo," akasema. "Mzee alikuwa akisema hiyo ndiyo dalili. Alikuwa akiniambia, yule kijana wangu hapandi, lakini jicho lake ni jicho langu, na hajawahi kunidanganya."

Kiazi kilinikwama kooni. Alinipa maji. Alinigonga mgongoni, polepole, kama mama. Angenipiga kofi ningesema kila kitu.

Sikusema siku ile, wala mwaka ule. Kila nilipokwenda nilijiambia leo. Tawi la chini likakauka, kisha la pili. Matunda ya mpeasi yakawa madogo, machungu, baadaye hayakuwepo. Mama Eliza akazeeka, akawa anakaa chini ya ule mti usio na kivuli kwa sababu amezoea kukaa hapo. Mwaka mpeasi ulipokufa kabisa, alikufa na yeye, kwenye masika. Nilifika akiwa ameshafunikwa. Jirani aliniambia kwamba asubuhi ile aliuliza kama Yona amekuja.

Vijana, mliniuliza kuhusu ndege. Ndege hana kosa. Alikula alichokula, akafuta mdomo mbele yangu, hakunificha kitu. Ninyi mtafanya kazi ambapo mwenzenu atategemea macho yenu. Siku mtakayoona jambo, lisemeni siku hiyo hiyo, hata kama magoti yanacheza. Sina hekima nyingine ya kuwapa.

Lakini nina kazi ya kuwatuma. Eliza aliolewa Mlola, bado yu hai, ana wajukuu. Miguu yangu haifiki Mlola tena, na ingefika nisingeiamini, mnajua historia yake. Karatasi hizi mpelekeeni. Msomeeni wote wakiwepo, wale wanaojua hadithi ya babu kipofu aliyepanda mti wa kirukia.

Eliza, baba yako hakukosea. Aliuliza maswali yote matatu, kama alivyouliza siku zote. Aliyejibu ni mimi.